Posho: kutoka kibaba cha mpagazi hadi bahasha ya kikao

Mtanzania akisikia posho anawaza pesa: ya kikao, ya safari, ya kujikimu. Mganda anawaza sahani ya ugali wa mahindi, maharage pembeni. Neno ni hilohilo, na linakwenda na kitenzi posha: kumpa mtu chakula chake cha siku.

Ukitaka kuona maana hizo mbili zilivyoachana, rudi kwenye misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, kwa miezi. Chakula cha njia nzima angekiweka wapi? Ilibidi mwenye msafara amposhe. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, robo ya pishi. Ndicho kibaba kile kinachojazwa na haba na haba. Lakini nafaka haikuwa ikibebwa kutoka pwani. Mara nyingi wapagazi walipewa kipande cha kitambaa, merikani au kaniki, au shanga, wakanunue wenyewe mtama na mihogo vijijini. Kwa hiyo posho ilianza kushikwa kama fedha zamani sana, kabla hata ya noti. Na haikuhesabiwa kuwa ujira. Ujira ulikuwa na mapatano yake. Posho ilikuwa ya kumfanya mtu afike.

(Hongo nayo ni ya njia hizohizo: ilikuwa ushuru waliotozwa wenye misafara na watemi ili wapite. Leo hakuna anayeitaja kwa sauti.)

Wakoloni waliukuta utaratibu huu wa posho wakauendeleza, na mahindi yakachukua nafasi ya mtama. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, waliposhwa unga wa mahindi. Wengi hawakuuzoea, na njiani hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Magonjwa ya tumbo yaliwaua kwa wingi. Mashambani na kwenye reli mfanyakazi naye alipimiwa unga wake, na katika migodi ya Katanga neno likashika maana ya mgawo wa chakula wa kampuni.

Uganda, unga huo uliliwa sana shuleni, kambini na magerezani, mpaka jina la mgawo likawa jina la chakula chenyewe. Ukisoma bweni kule, huna haja ya kuelezwa posho na maharage ni nini. Kenya wanapeleka mahindi kwenye posho mill, yaani mashine ya kusagia.

Tanzania ilifuata upande wa kile kipande cha merikani. Chakula kiliondoka, ikabaki fedha ya kumwezesha mtu awe kazini, nje ya mshahara. Ndiyo sababu posho za vikao zilizua ubishi mkali bungeni mwaka 2011: wapinzani waliuliza mbunge analipwaje kwa kuketi kwenye kikao ambacho tayari ni kazi yake ya mshahara. Mpagazi angeuliza swali jingine: kama ni posho, mbona kwenye semina fomu ya kusaini inazungushwa, halafu chai, chapati na chakula cha mchana bado vinaletwa?