Staunch si mwaminifu, jamani
Nimeletewa tena tangazo la kazi la Kiingereza ili nilihariri, na kampuni inatafuta "a staunch cashier". Najua kilichotokea. Mwandishi alikuwa na "mwaminifu" kichwani, akafungua orodha ya visawe, akachagua neno lililovaa suti. Keshia asiyeiba ni honest, basi. Hakuna anayemtaka aitetee droo ya pesa dhidi ya wapinzani wa itikadi yake.

Staunch kwa kawaida halipimi uaminifu wa mtu kwa mtu. Linapima jinsi mtu alivyoshikilia upande. Ndiyo maana hukaa mbele ya supporter, ally na defender (mfuasi, mshirika, mtetezi), na vilevile mbele ya critic na opponent (mkosoaji, mpinzani), ambako hamna mapenzi wala utii. Anayepinga adhabu ya kifo maisha yake yote ni staunch opponent, na hajamwahidi mtu chochote. Ukisema "my staunch wife" kwenye hotuba ya harusi, Mwingereza atakaa akingoja kusikia bibi harusi anapigania nini.

Neno limetoka Kifaransa cha kale, estanche, kitu kisichopitisha maji, na Kiingereza kikalipeleka baharini. Sisi tunaofasiri mikataba ya kukodi meli bado tunakutana nalo: chombo kiwe "tight, staunch and strong". Hapo hamna moyo wala imani. Mbao zimekazana, kalafati ya kuziba mianya imeshika, maji hayaingii. Mbwa wa kuwinda ndege naye, akinusa windo akaganda palepale bila kukurupuka, huitwa staunch. Shika hayo mawili na mtu staunch hatakusumbua: havuji, habanduki. (Wapo wanaosema hata neno tangi, la maji, ni jamaa yake, kupitia tanque ya Kireno, wengine wanalirudisha kwenye Kigujarati. Napenda dai la kwanza, lakini siwezi kuliapia.)

Ninapogombana na wafasiri wenzangu ni kwenye "mkereketwa". Wengi wakiona staunch supporter wanaandika hilo mara moja, hasa Tanzania, kwa sababu siasa zetu zimelizoea. Lakini sikiliza neno lenyewe: mkereketwa anawashwa. Atapanda lori, ataimba, atagombana na shemeji yake msibani. Staunch halidai joto lolote. Anaweza kuwa mzee wa barazani asiye na hata fulana moja ya chama, hafiki mikutanoni, na bado wagombea wa upande wa pili hawapotezi nauli kwenda kwake. Ukimwita huyo mkereketwa umemsingizia.

"Kindakindaki" linakaribia zaidi, nalo lina kasoro. Linanukia nasaba: muungwana kindakindaki ni muungwana tangu tumboni. Aliyebatizwa ukubwani anaweza kabisa kuwa staunch Catholic. Kindakindaki, hapo nasita. Mara nyingi naandika "asiyeyumba" na kusonga mbele, nikijua nimeandika kitu vuguvugu. Sina bora zaidi.

Halafu kuna Kenya, ambako staunch Christian ni jina la kawaida magazetini na kwenye matangazo ya vifo, na wengi huelewa kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu. Zamani nilikuwa naweka kalamu nyekundu bila kufikiri: staunch haliniambii kama mtu anafunga au anasali, linaniambia tu kwamba usijaribu kumhamisha kanisa. Siku hizi mkono unasita. Kiingereza cha Nairobi kina wenyewe, na wakikubaliana wote kwamba staunch ni mcha Mungu, kamusi ya London itanisaidia nini? Kwenye mkataba wa meli, hata hivyo, sitasita.

Kuhusu stanch isiyo na u, ya kuzuia damu: Wamarekani huipendelea kwa kitenzi, Waingereza huandika staunch kwa kitenzi na kivumishi, na kamusi zinaruhusu. Chagua moja usiibadilishe katikati ya ukurasa.