Paka Dume Anajikamua, Mkojo Hautoki

"Amefunga choo huyo, mpe kijiko cha mafuta ya nazi." Ndilo jibu utakalopewa na jirani ukimwambia paka wako anachuchumaa, anajikamua na kulia bila kutoa kitu. Katika imani zote kuhusu mkojo wa paka, hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Paka anayechuchumaa kila baada ya dakika chache, mara kwenye mchanga wake wa choo, mara bafuni, kisha akiinuka anajilamba sehemu za siri, mara nyingi shida yake ni mkojo.

Kwa dume hilo ni la kufa na kupona. Mrija wake wa mkojo ni mrefu na hupungua upana kuelekea nchani, kwa hiyo chembe za madini zikichanganyika na ute zinatosha kuuziba. Mkojo ukikwama, figo hushindwa kusafisha damu, madini ya potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo huvurugika. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona anatapika, amekataa chakula na amelala tu, ujue umeshachelewa, usingoje kupambazuke.

Kagua mchanga wake kama una unyevu. Gusa tumbo la chini taratibu: kibofu kilichojaa huwa kigumu na cha mviringo mithili ya chungwa dogo. Usikibinye, kinaweza kupasuka. Kuzibua ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi, mpira mwembamba wa mkojo na dripu.

Na ile "robo ya Panadol ya kumtuliza maumivu"? Sumu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba oksijeni na fizi hugeuka kahawia. Ibuprofen nayo usimpe.

Wengine hukimbilia sindano ya antibayotiki kwenye duka la dawa za mifugo. Kwa paka ambaye bado kijana, bakteria mara nyingi hawahusiki kabisa. Kibofu huvimba bila maambukizi, na msongo unachangia: mmehama nyumba, au ameletwa paka mwingine. Kwa paka mzee maambukizi huonekana zaidi, lakini mkojo upimwe kwanza.

Kukojoa kwenye kapu la nguo si kisasi. Paka aliyeumia akikojoa kwenye mchanga huukimbia mchanga wenyewe, akatafuta pengine palipo laini. Anayesimama mkia juu na kurushia ukutani anaweka alama ya mipaka yake. Hiyo ni habari nyingine.

Kwa shida hii ya mkojo dagaa hulaumiwa peke yao, nami naona wanaonewa kidogo. Tatizo kubwa ni chakula kikavu na maji machache. Waloweke dagaa, mwaga maji ya chumvi, kisha mpe paka pamoja na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Maziwa hayashiki nafasi ya maji. Kuhasi hakupunguzi upana wa mrija. Angalia asinenepe tu. Jike naye huugua kibofu, ila kuziba ni nadra.

Dume aliyezibuliwa anaweza kuziba tena, hasa siku za mwanzo. Mtengee chumba na mchanga wake mwenyewe, kwani paka watatu wakichangia beseni moja hutajua ni yupi aliyekojoa.