Kipandauso "sugu": kinachosemwa na kilicho kweli

Kazi yangu hapa Mtwara ni kumbukumbu za wagonjwa: nasoma faili, natafuta msimbo wa ugonjwa kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, fomu inakwenda bima. Neno linalonisumbua kuliko yote ni "sugu", likiandikwa kwa mwenye kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayojirudia.

Dhana: Dawa za maumivu zikishindwa, basi kipandauso ni sugu.

Hapana. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana mwaka 2020 kuwa kinaitwa sugu pale angalau makundi 3 ya dawa za kuzuia yameshindwa, na mgonjwa bado anaelemewa siku 8 au zaidi kwa mwezi, miezi 3 mfululizo. Dawa za kuzuia mara nyingi humezwa kila siku, kama propranololi au amitriptilini. Siyo kidonge cha dukani kichwa kikishaanza kugonga. Tena vidonge hivyo navyo huzaa maumivu, vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3. Hayo yana msimbo wake, G44.4.

Mama mmoja mbangua korosho wa Mikindani alikuja na daftari la mtoto wake wa shule. Alama ya X, siku ya kichwa. Duara, siku ya dawa. Mwezi mmoja ulikuwa na duara 19. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na utambuzi ukabadilika palepale. Laiti kila mgonjwa angekuja na daftari kama lile!

Dhana: Bila CT, picha ya ndani ya kichwa, hakuna uthibitisho.

Kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa. Picha hutafuta ugonjwa mwingine, hasa kichwa kikilipuka ghafla au kikija na kupooza.

Dhana: Msimbo utajieleza wenyewe.

Hapa ndipo tunapoumia. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ina G43.0, kipandauso bila dalili tangulizi (kama kuona vimulimuli), G43.1, chenye dalili hizo, na G43.2, shambulio lililopitiliza saa 72. Tarakimu ya usugu haina. Marekani wameiongeza kwenye toleo lao. Kwetu usugu unabaki kwenye mwandiko wa daktari: dawa gani, miligramu ngapi, kwa muda gani, iliachwa kwa nini. Akiandika "kichwa sugu" peke yake, ananiachia R51, yaani kuumwa kichwa tu, na kukisia siruhusiwi. Nanyanyuka, namrudishia faili, na mgonjwa anaendelea kusubiri kwenye benchi, amejifunika kanga usoni asione mwanga.