Kodi ya Mafuta na Barabara za Mombasa: Dhana Potofu na Ukweli

Wateja wangu wengi ni wenye malori na matatu, na kila ninapokaa nao kutayarisha hesabu zao za kodi huyasikia maneno yale yale: "Mafuta yanateremshwa hapa Kipevu bandarini, kaunti iongeze shilingi mbili tu kwa lita, barabara zetu zitatengenezwa." Wako wanaoliomba jambo hilo na wako wanaoliogopa, lakini wote wanaamini kwamba linawezekana, na dhana hiyo imenichosha kwa sababu inayapeleka malalamiko ya haki mahali pasipo na jibu.

Kaunti haina mamlaka hayo. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, na huu wa mwisho ndio unaotozwa mafuta. Kaunti imepewa kodi za ardhi na majengo, kodi ya burudani, ada za huduma inazotoa kama vile maegesho, pamoja na kodi nyingine itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge. Na hata hiyo, kifungu hicho hicho kinakataza isivuruge biashara ya kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Tuseme basi Bunge limeidhinisha. Ukivuka daraja la Mtwapa uko kaunti nyingine, Kilifi. Ukivuka feri ya Likoni na kuendelea kusini, hukawii kuingia Kwale. Na barabara ya Nairobi inakufikisha Mariakani, ambako pia ni Kilifi. Dereva wa trela anayejaza lita 400 angeokoa shilingi 800 kwa kujaza Mariakani, mahali ambapo hana budi kusimama kwa sababu ya mizani ya kupimia malori. Mzigo ungewaangukia wenye tuktuk, bodaboda na matatu za mjini, ambao hawawezi kwenda mbali kutafuta mafuta, na ambao ndio wanaoiumiza lami kidogo kabisa.

Wengine hudhani kila kodi inayolipwa kwenye pampu ni ya barabara. Inayokwenda barabarani ni tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi Julai 2024, kiasi kwamba zile lita 400 huchangia shilingi 10,000. VAT, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na ushuru wa bidhaa huingia katika mfuko mkuu wa serikali. Isitoshe, mwaka 2025 shilingi 7 katika zile 25 zilitengwa kulipia madeni ya wanakandarasi, yaani kazi iliyokwisha kufanywa. Anayengoja lami mpya kutokana na nyongeza ile anapaswa kulijua hilo.

Kwamba kaunti "inakula" pesa za tozo pia si kweli. Bodi ya Barabara nchini huzigawa kwa mamlaka za kitaifa, hasa KeNHA (barabara kuu), KURA (barabara za mijini) na KeRRA (barabara za vijijini), na fungu la kaunti ndilo lililozusha mvutano baina ya magavana na Bunge la Kitaifa kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mwaka wa fedha wa 2024/25. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu, kabla ya kuandika barua ya malalamiko, wahakikishe kwanza barabara yenye mashimo ni ya nani: ikiwa ni barabara kuu ya Nairobi, barua iende KeNHA, kwa maana kumwandikia gavana ni kupoteza muda.

Imebaki dhana ya kwamba kuzidisha mzigo kidogo hakudhuru barabara. Wahandisi hukadiria kwamba uharibifu huongezeka kwa kipeo cha nne (namba ikizidishwa kwa yenyewe, nne kwa pamoja) cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu unazidi mara mbili, ilhali mafuta yanayochomwa, na kwa hiyo tozo inayolipwa, hayaongezeki kwa kiasi hicho hata kidogo. Mteja anayenilalamikia kuhusu mashimo ya Changamwe huku akizidisha mzigo namweleza hivyo bila kumficha, na ningependa kila mwenye lori amfundishe dereva wake kupima kila ekseli kabla ya kutoka bandarini.