Je, wajua kwa nini OPC ipo kwenye CD na kwenye mbegu za zabibu?

Ukitafuta OPC mtandaoni, utaletewa mashine za kuchoma CD pamoja na makopo ya vidonge vya mbegu za zabibu. Ni herufi tatu zilizogongana tu, undugu haupo.

Kwenye CD ni kifupi cha Optimum Power Calibration, yaani kupima nguvu ya leza inayofaa. Wengi hudhani leza hutoboa matundu, tena kwa nguvu ileile iliyopangwa kiwandani. Sivyo. CD-R, yaani CD tupu ya kuandikia mara moja, ina tabaka la rangi. Leza huliunguza, na palipoungua huakisi mwanga hafifu zaidi. Habari imo katika urefu wa alama hizo, kuanzia mara 3 hadi mara 11 ya kipimo kimoja kidogo cha msingi. Nguvu ikizidi, alama hurefuka. Ikipungua hufupika, na alama ya 4 yaweza kusomwa 3. Nguvu sahihi nayo haikai mahali pamoja: rangi hutofautiana kati ya watengenezaji, joto hubadilika, leza huchakaa.

Mama anayekaanga maandazi hudondosha kwanza kidonge cha unga kwenye mafuta. Kikizama kimya, moto bado; kikiwa cheusi kabla ya kuumuka, anapunguza kuni. Mashine nayo huonja hivyo. Karibu na tundu la katikati ya diski huandika jaribio fupi, kwa kawaida kwa ngazi 15 za nguvu, kisha hulisoma na kuchagua ngazi ambayo alama na nafasi zake zimelingana. Eneo hilo linatosha majaribio 100 hivi, na kwenye CD-R lililoandikwa halifutiki. Mashine nyingi huendelea kurekebisha nguvu hata katikati ya kazi.

OPC ya mimea ni oligomeric proanthocyanidins, minyororo mifupi ya katechini (kemikali ya mimea) iliyomo kwenye mbegu za zabibu, gome la msonobari na kakao. Mfaransa Jacques Masquelier wa Bordeaux alianza kuichunguza miaka ya 1940, kupitia lile ganda jekundu la karanga. Tafuna mbegu ya zabibu uone: ukakasi unaokausha ulimi ni kemikali za jamii hii zikishikana na protini za mate.

Maabara, ndani ya chupa, ni antioksidanti (kizuia uharibifu wa oksijeni) kali kwelikweli. Mwilini mambo ni mengine: utumbo hufyonza kidogo sana, hasa minyororo ikiwa mirefu, na sehemu kubwa huishia kwa bakteria wa utumbo mpana, wanaoivunja kuwa vitu vingine. Kwa hiyo kipimo cha kwenye chupa hakitoshi kuthibitisha ahadi zilizoandikwa kwenye kopo.