Bima ya benki italipa deni, familia yako italipwa na nani?

"Bima ya maisha si ninayo? Benki walinikata siku niliposaini mkopo wa nyumba." Naisikia kauli hii kwa wateja wenye watoto wadogo, na kila mara inaniudhi, maana anayeisema ameshalipa na anaamini amemaliza.

Ulichokatwa ni bima ya mkopo. Fungua mkataba utazame mnufaika ni nani: ni benki. Ukifariki, deni linalipwa, hati ya nyumba inarudi kwa warithi, basi. Ya karo, chakula na matibabu hamna hata senti. Nyumba hailiwi, na kuiuza ili watoto wasome ndiko hasa tulikotaka kukuepuka.

Hata hilo deni si lazima liishe lote, na hapa mawakala wenzangu hupapita mbio. Kinga ya bima nyingi za mkopo, yaani kiasi zitakacholipa, hupungua mwaka hadi mwaka kwa hoja kwamba deni nalo linapungua. Sawa, ila linapungua vipi? Chukua mkopo wa miaka 20, riba ya asilimia 12 kwa mwaka, marejesho sawa kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, takriban asilimia 91 ni riba tupu. Ukimaliza mwaka wa 10 bado unadaiwa karibu asilimia 77 ya ulichokopa. Kama kinga imepangwa kushuka kwa kiwango kilekile kila mwaka, wakati huo imebaki asilimia 50. Zile 27 zinadaiwa kwenye mirathi yako. Mikataba iliyo bora hufuata ratiba ya deni lenyewe, lakini nayo hukadiria riba fulani. Riba ya mkopo ikipanda kuliko makadirio, kinga inaachwa nyuma. Malimbikizo ya marejesho mara nyingi hayamo kabisa. Omba jedwali la kinga la mwaka kwa mwaka, liweke kando ya ratiba ya marejesho, soma mstari kwa mstari. Usikubali jibu la mdomo.

Mliokopa wawili, hakikisheni bima imewataja wote wawili.

Je, kila mwenye mkopo anahitaji bima ya pili, ya maisha, inayoilipa familia? Hapana. Asiye na wategemezi, ile ya benki inaweza kumtosha. Na baadhi ya benki hukubali uwape bima yako mwenyewe ya maisha kama dhamana: wanachukua deni lao, kinachobaki kinakwenda kwa familia. Uliza kabla ya kusaini.

Kuhusu kiasi cha bima hiyo ya maisha, kanuni ya kuzidisha mapato ya mwaka mara 10 siiamini sana. Haijui mtoto wako wa mwisho ana umri gani wala mwenzako anaingiza nini. Mimi huhesabu pengo la kila mwezi kati ya matumizi ya familia na kipato kitakachobaki, mpaka huyo mtoto ajitegemee, na bado mfumuko wa bei hulifanya jibu langu kuwa makadirio tu.

Ukihamisha mkopo kwenda benki nyingine, kwa kawaida bima ya zamani inaishia hapo. Mpya itapima afya yako ya leo, kwa umri wako wa leo. Aliyegundulika na kisukari katikati ya safari anaweza kutozwa zaidi au kukataliwa. Subiri bima mpya ikubaliwe kwa maandishi, ndipo uhame.