Redio ya kubeba mgongoni: anza na waya na betri, redio yenyewe ije mwisho

Anayetaka kujiandalia seti ya redio ya ridhaa (redio ya mtu binafsi mwenye leseni, isiyo ya biashara) kwa ajili ya kazi za nje na dharura huanza kuuliza anunue redio gani. Mimi ningependa aulize kwanza atatundika nini juu, na umeme atautoa wapi mvua ikinyesha siku tatu mfululizo. Seti nyingi hazifi kwa sababu ya redio. Zinakufa kwenye kiungo cha waya, kwenye fyuzi, kwenye plagi iliyolegea njiani juu ya bodaboda.

Kabla ya vifaa kuna leseni. Kwetu inatolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), na alama za wito (jina la kituo chako hewani) zinaanza na 5X. Ipate mapema, kwa sababu siku ya maafa si siku ya kujaza fomu, na redio isiyofanyiwa mazoezi kihalali haitakusaidia siku hiyo.

Sasa twende kwenye milima. Maporomoko ya Bududa mwaka 2010, mafuriko ya mto Nyamwamba kule Kasese mwaka 2013 na 2020, Mbale mwaka 2022, Bulambuli mwaka 2024: karibu yote yametokea miguuni mwa milima, na hapo ndipo redio ya mkononi ya VHF (masafa yanayosafiri moja kwa moja, yasiyopita mlima) inaposhindwa. Wati 5 kwenye 145 MHz zinatosha watu walio bonde moja wanaoonana. Ukiwa nyuma ya mgongo wa Elgon huipati Mbale mjini, sembuse Kampala. Ibebe redio ya mkononi kwa ajili ya timu iliyo chini (145.500 MHz FM ndiyo masafa ya kuitana katika Kanda ya 1, ambayo Afrika imo), lakini usiitegemee kutoa ujumbe nje ya wilaya.

Kinachovuka mlima ni HF (masafa ya chini zaidi, ya 3 hadi 30 MHz) inayorushwa juu karibu wima, ikagonga ionosfea, tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi, na kurudi chini kama maji ya bomba lililoelekezwa angani. Kwa njia hiyo unafunika kuanzia mlangoni pako hadi kilomita 300 au 400 bila pengo katikati. Kasese hadi Kampala ni kama kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, Mbale hadi Kampala karibu 200, kwa hiyo nchi karibu yote imo. Sisi tulio kwenye ikweta tuna bahati moja: mchana ionosfea yetu ina nguvu, na 7 MHz hurudi vizuri hata ikirushwa wima kabisa. Usiku nguvu hiyo hushuka, hasa kuelekea alfajiri, na 7 MHz huanza kupitiliza. Utasikia watu wa mbali huku jirani yako wa wilaya ya pili amepotea. Hapo teremka 3.7 MHz. Mchana 3.7 MHz haifai kwa sababu tabaka la chini huinyonya. Basi antena yetu lazima ifanye kazi sehemu zote mbili, na tuikadirie kwa 7.110 na 3.760 MHz, ambazo ndizo IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa) Kanda ya 1 imezitenga kuwa vituo vya mawasiliano ya dharura.

Antena ninayoipendekeza ni daipoli (waya wa mikono miwili inayolishwa katikati) ya V iliyopinduliwa, yenye viungo vya kufungua na kufunga. Hesabu yake ni rahisi: gawa 143 kwa masafa ya MHz, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.11 ni mita 20.1, yaani kila mkono kama mita 10. Kata mita 10.3 kila upande, usikate kamili. Waya wenye gamba la plastiki na mikono iliyoinama chini huhitaji urefu mdogo kuliko hesabu, na mwisho utajikuta kati ya mita 9.6 na 10. Mwisho wa mkono huo funga kizuizi cha umeme (kipande cha bomba la PVC chenye matundu mawili kinatosha), kisha endeleza waya mwingine wa mita 9.6. Kati ya waya hizo mbili weka kiungo kidogo cha kuchomeka. Kikifungwa antena ni ya 3.7, kikifunguliwa ni ya 7.

Rekebisha 7 kwanza, maana ukigusa mkono wa ndani unaharibu na 3.7. Pima SWR (kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio, kidogo ndicho kizuri) kwenye masafa kadhaa. Ikiwa kiwango cha chini kabisa kimekaa 6.95, waya ni mrefu. Ukifupisha sentimita 10 kila upande kitapanda kama 70 kHz. Kwenye 3.7 sentimita hizo hizo zinasogeza kama 20 kHz tu, kwa hiyo usiogope. Wala usikate: ukunje waya urudi juu yake wenyewe na uusokote, maana udongo mkavu wa Karamoja na udongo uliolowa wa Kisoro haviipi antena moja kipimo kimoja. Kwenye ncha za waya funga utepe mwekundu na uziinue angalau mita 2. Volti huwa kubwa kwenye ncha, na mbuzi au mtoto hataona waya mwembamba jioni.

Kilele kiwe mita 6 au 7. Wengi hudhani juu zaidi ni bora. Kwa kazi hii ya kurusha wima si kweli. Ukiwa kati ya mita 5 na 10 unapata unachohitaji kwenye 7 MHz. Mlingoti wa mianzi mitatu ya mita 2.3, inayoingiana kwa vipande vya bomba la PVC vya sentimita 30, unabebeka, na mwanzi haukosekani Mashariki. Magongo ya kuegemezea migomba yanapatikana kila kijiji, ila mengi hayafiki mita 4, kwa hiyo yafae kwa kuinua ncha tu. Kamba za kukaza ziwe tatu, zifungwe theluthi mbili ya urefu. Ardhi ikiwa tope vigingi havishiki, basi funga kamba kwenye jerikani ya lita 20 iliyojaa maji: kilo 20 unazozikuta huko huko, huna haja ya kuzibeba. Na kabla ya kusimamisha chochote angalia juu. Kaa mbali na nyaya za umeme angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti.

Kutoka katikati ya daipoli shusha mita 10 au 12 za kebo ya antena ya RG-58. Kwenye 7 MHz inapoteza chini ya desibeli 1, haina shida. Karibu na kiunganishi cha juu zungusha kebo hiyo mara 11 au 12 kwenye toroidi (pete ya feraiti) ya FT240-43. Bila hiyo, gamba la kebo (suka ya nyaya inayozunguka waya wa ndani) linakuwa mkono wa tatu wa antena: kipimo cha SWR kinabadilika ukishika kipaza sauti, na kelele za chaja na taa za jirani zinapanda hadi kwenye redio.

Hapa nikae kidogo, maana PL-259, plagi ya kebo ya antena, imeangusha seti nyingi. Ikague kwa macho. Risasi ya kulehemu inapaswa kuonekana imetiririka na kung'aa ndani ya matundu yake manne, imeshika suka ya kebo. Ukiona donge lililokaa juu kama tone la nta, halikushika. Pasi ya kulehemu haikuwa na joto la kutosha. Pasi ya wati 30 inayotengeneza simu haitoshi kwa plagi hii, tafuta ya wati 80 au 100. Kisha pima kwa mita ya umeme: pini hadi pini iwe karibu sifuri, pini hadi gamba isipitishe kabisa. Rudia kipimo huku ukiikunja kebo karibu na plagi, maana hitilafu nyingi hujitokeza kebo ikikunjwa tu. Upande unaokaa nje ufunge kwa utepe wa mpira unaojishika, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ulio chini yake kama bati za paa. Maji yakishaingia kwenye suka hutambaa ndani mita nyingi, na kebo hiyo haikauki tena.

Umeme. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina uzito wa kilo 2 hadi 3. Ya asidi ya ukubwa huo ni karibu mara mbili, na ukitaka idumu utumie nusu tu ya uwezo wake. Chukua mfano wa redio ya wati 20 kama Xiegu G90: inapokea kwa nusu ampea, na ikirusha inaweza kufika ampea 8, ila kwa sauti ya SSB (namna ya kawaida ya kurusha sauti kwenye HF) wastani ni kama 4. Ukirusha dakika 12 katika kila saa, wastani wako ni ampea 1.2. Betri hiyo ikitoa 18 kati ya 20, una saa 15. Redio ya wati 100 kama FT-891 inadai hadi ampea 23 na inapokea kwa ampea 1 au 2, kwa hiyo betri hiyo hiyo itachoka kabla ya jioni. Kutoka wati 20 hadi 100 ni desibeli 7, kidogo zaidi ya alama moja ya S kwenye kipimo cha anayekusikiliza. Kwa anayebeba mgongoni, mimi nachagua saa nyingi kuliko alama moja.

Waya wa betri usiwe ule wa spika. Mita 3 za waya wa milimita mraba 0.75, kwenda na kurudi mita 6, zinakula zaidi ya volti 1 kwenye ampea 8. Betri ikiwa imeshuka, redio inajizima kila ukisema neno kwa nguvu na kuwaka tena ukinyamaza, nawe unadhani redio mbovu. Tumia milimita mraba 2.5, hasara inashuka hadi volti 0.36, ya 4 ni bora zaidi. Weka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu, ndani ya sentimita 15 kutoka betri. Fyuzi iliyo upande wa redio haizuii waya kuungua ukichubuka katikati. Konekta ziwe za aina moja kila mahali, betri, redio, sola, na ubane kila kipini kwa koleo lake kisha ukivute kwa nguvu. Kikitoka mkononi mwako leo ni heri. Jaribio la mwisho: rusha ukiwa umeshika vidole kwenye konekta. Ikipata joto, kiungo hicho kifanyiwe upya.

Paneli ya sola ya wati 50 kwa jua letu huleta kama ampea-saa 12 hadi 14 kwa siku nzuri, karibu theluthi mbili ya betri. Kidhibiti chaji kiwe na mpangilio wa LiFePO4, kiishie volti 14.4 hadi 14.6. Vile vya betri za asidi huweza kupandisha volti kupita hapo, na ulinzi wa ndani ya betri ukakata umeme wote ghafla. Tena vidhibiti vingi vya bei nafuu vinapiga kelele kwenye HF. Fungua redio kwenye 7.110, sikiliza, chomoa paneli. Kelele ikitulia umempata mkosaji. Weka feraiti kwenye nyaya zake zote mbili, au chaji wakati wa mapumziko tu.

Radi nchini kwetu si jambo la kupuuza. Mwaka 2011 ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, na kuua wanafunzi 18. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: chomoa kebo ya antena, ncha yake iachwe nje mbali na watu, na wewe uondoke chini ya mlingoti uingie kwenye jengo imara au gari lililofungwa. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kama kuna ujumbe wa haraka, huo ndio wakati wa redio ya mkononi ukiwa ndani.

Sanduku la bati la wanafunzi wa bweni linavutia kwa sababu lipo kila soko, lakini juani linakuwa jiko na linapigapiga vifaa. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa mpira inazuia maji vizuri zaidi na ni kiti. Ndani panga mabaki ya godoro, betri chini kabisa. Mtikisiko wa bodaboda hulegeza skrubu, kwa hiyo plagi zote zikazwe upya ukifika, kabla ya kuwasha.

Chukua pia daftari, penseli (kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu), fyuzi tano za akiba na mita ndogo ya umeme. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika jedwali la saa, maana saa zetu tatu (ya Kiswahili, ya Kizungu na UTC, saa ya pamoja ya dunia) zimeshawachanganya wengi. Mtu akisema tukutane hewani "saa mbili" na mwingine akaandika 02:00, ujumbe umepotea. Daftari liwe la UTC. Mchana, ongeza 3 kwenye saa ya Kiswahili: saa 2 asubuhi ni 05:00, saa 8 mchana ni 11:00. Usiku ongeza 15: saa 2 usiku ni 17:00, saa 8 usiku ni 23:00 ya tarehe iliyopita.

Mara moja kila mwezi toa kila kitu, simamisha antena, rusha, pima volti kwenye plagi ya redio wakati unarusha, kisha andika namba hiyo kwa tarehe ndani ya mfuniko. Ikishuka kwa volti 0.3 ukilinganisha na mwezi uliopita na betri imejaa, kuna kiungo kinachooza, nawe una muda wa kukitafuta.